Kwa nini maneno mengine ya mtaani hayazeeki na mengine hayamalizi mwaka?

#1 Mpenda_Misimu
Wakuu salaam. Kuna jambo linanisumbua siku nyingi. "Poa" baba yangu aliisema akiwa kijana, mimi naisema, na mdogo wangu wa kidato cha pili anaisema. Lakini "sharobaro" (kijana mtanashati), ambalo miaka ya 2010 na 2011 lilikuwa kila kona ya Dar, ukilitamka leo unaonekana umetoka makumbusho. Kwa majirani zetu Kenya nasikia "mathree" (matatu) bado inadunda ila "manyanga" (matatu kali yenye mbwembwe) wamebaki nayo watu wazima.

Dai langu ni hili: neno la mtaani linakufa siku wazazi, walimu na polisi wanapolijua. Likishajulikana halifichi kitu tena, vijana wanalitupa. Anayepinga aje na mifano.

#2 Jeri_Original
Niaje wasee. Mimi ni wa Jericho, Eastlands, Nairobi. Naunga mkono nusu. Wazazi hawakuwa shida yetu. Shida ilikuwa mtaa wa pili. Sheng (lugha yetu ya mtaani) ya Jeri, ya Kaloleni na ya Dandora zilikuwa tofauti hata kwa vitu vya kila siku kama msichana, gari na polisi. Ukifungua mdomo tu, unajulikana umetoka wapi. Sasa neno letu likivuka barabara likafika kwa mababi (watoto wa matajiri) wa Westlands, wakaanza kulitamka kwa pua, sisi tulikuwa tunaliacha jioni hiyo hiyo. Neno linakufa likikosa mwenyewe.

#3 KondaMstaafu
Nyinyi wote mmeruka pesa. Nimening'inia kwenye mlango wa gari ujana wangu wote, kwa hivyo sikilizeni. Ashu ni kumi, mbao ishirini, finje hamsini, soo mia, thao elfu. Noti ya ishirini iliondoka ikaja sarafu, mbao ikabaki mbao. Mwaka 2019 zikaja noti mpya na ile ya zamani ya elfu ikaondolewa, hakuna aliyebadilisha thao. Na haya maneno wazazi wanayajua, polisi wanayajua sana tu (wao ndio walikuwa wakiyatumia nasi barabarani), na hayajafa.

Sababu ni kazi. Gari limejaa, redio iko juu, abiria wa kiti cha nyuma anakupa noti kupitia mikono ya watu wanne, na huku nje mwenzako anagonga bati mara mbili gari liondoke. Huna nafasi ya kusema "tafadhali nauli ni shilingi hamsini". Unasema "finje, finje huko nyuma". Neno lenye kazi kila siku haliendi popote.

#4 BintiIlala
KondaMstaafu kasema kweli hata kwa upande wetu. Jero ni mia tano, na tangu mwaka 2014 ilipokuja sarafu yake jero haikutikisika. Buku ni elfu moja. Elfu kumi ni msimbazi kwa sababu ya wekundu wake, rangi ya Simba ya mtaa wa Msimbazi, na mashabiki wa Yanga wanalitamka hivyo hivyo bila kinyongo.

Ila niongeze kitu kinachokupinga kidogo. Zamani shilingi tano yetu iliitwa dala. Miaka ya 1980 mabasi ya UDA, shirika la usafiri la Dar, yalipozidiwa, magari ya watu binafsi yakaanza kubeba abiria kwa dala moja, makonda wakawa wanapiga kelele "dala dala!" Leo nauli haimo kabisa kwenye shilingi tano na hakuna anayeita sarafu yoyote dala. Kazi ya neno ilikwisha, lakini daladala lipo. Kwa hiyo kazi peke yake haitoshi kueleza.

#5 KondaMstaafu
Dada, hilo linanikumbusha matatu. Ilitoka kwa Kikuyu, mang'otore matatu, senti thelathini, nauli ya zamani. Nauli ikapanda, jina likakataa kupanda. Lakini ona, hapo neno halikupoteza kazi, lilihama kutoka kwa pesa likaenda kwa gari. Bado niko sawa.

#6 GenZ_Umo
Wazee wangu, kwani Sheng si ilianzishwa na wasanii wa genge (mtindo wa muziki wa Nairobi) mwanzo wa miaka ya 2000? Nadhani jibu liko hapo. Neno likiingia kwenye ngoma inaishi, likikosa ngoma inakufa.

#7 Jeri_Original
Umo, umezaliwa juzi na unataka kutuandikia cheti cha kuzaliwa. 😂

#8 Mdau_wa_Isimu
Nimrekebishe GenZ_Umo kwa upole. Wasanii waliikuta Sheng tayari imekomaa, wakaipeleka mbali. Wanaisimu Abdulaziz na Osinde walipoandika mwaka 1997 waliiweka mwanzo wa miaka ya 1970 kwenye mitaa ya Eastlands, na wakaitenganisha na Engsh ya vijana wa Westlands, ambayo mifupa yake ni Kiingereza. Hapo Jeri_Original #2 ana ushahidi wa kitabuni. Alamin Mazrui naye, mwaka 1995, alirudi nyuma zaidi akaona dalili za misimu ya namna hii Nairobi tangu miaka ya 1930. Kuna pia maelezo kwamba ilikuwa lugha ya siri ya wezi wa mifukoni, na mengine kwamba ilizuka kwa watoto waliobanana kwenye nyumba za chumba kimoja, kila familia na lugha yake, wakatafuta namna ya kuongea wazazi wasielewe.

Kwa swali la msingi, nadhani redio imesahaulika. Mpaka miaka ya 1990 mawimbi yalikuwa ya serikali, Kenya na Tanzania. Yalipofunguliwa watangazaji vijana wakaingia na lugha yao. Nairobi ikapata hadi Ghetto Radio ya 89.5, inayotangaza kwa Sheng kutwa nzima. Neno lililofika redioni linasikika Kisumu na Nakuru kabla halijachuja kwao.

#9 MwalimuWaInsha
Hamjambo. Mimi hufundisha Kiswahili shule ya upili, Kenya. Jina lenyewe mmelisahau: kitaalamu tunaita misimu, maana huja na kupita. Yale yanayobaki huwa yameacha kuwa misimu.

Maoni yangu ni kwamba sarufi ndiyo inayookoa neno. Tazameni "kuchakachua" la Tanzania. Lilivuma kwa mafuta ya petroli yaliyochanganywa na ya taa, likafika kwenye kura za uchaguzi wa 2010, na leo mtu anasema wamechakachua, kimechakachuliwa, uchakachuaji, mchakachuaji. Neno likishapata mnyambuliko na ngeli zake, kuling'oa ni kazi. Lile linalosimama peke yake kama kishangao, upepo ukigeuka limeanguka.

Na kabla hamjaniuliza, ndiyo, mimi hukata alama mwanafunzi akiandika "msee" (jamaa) kwenye barua rasmi. Simkati kwa chuki. Nataka ajue milango yote miwili.

#10 Mpenda_Misimu
Mwalimu, heshima yako. Lakini sharobaro lilikuwa na masharobaro, usharobaro, hadi kisharobaro. Ngeli zote hizo na bado tumelizika.

#11 MwalimuWaInsha
Halikupata kitenzi. Na lilimtaja mtu wa mtindo fulani wa kuvaa na kutembea. Mtindo ulipopita, aliyekuwa anatajwa hakuonekana tena barabarani.

#12 BintiIlala
Mwalimu hilo la pili ni hoja nyingine kabisa, siyo ya sarufi tena. 😀

#13 Nyar_Eastlando
Nimesoma kimya, wacha niseme langu. Baba yangu ni Mjaluo, mama ni Mkikuyu. Shule ya msingi niliyosomea kulikuwa na disk, kipande cha mbao chenye kamba. Ukipatikana ukiongea lugha ya mama au Sheng unavalishwa shingoni, nawe unatega mwenzako akosee umpitishie. Aliye nayo jioni anachapwa. Nakumbuka ile kamba ilikuwa nyeusi kwa jasho la shingo zetu. Na unajua tulifanya nini? Tulianza kunong'ona Sheng kwa namna ambayo mwalimu angesikia kama Kiingereza. Maneno tuliyoyaficha hivyo ndiyo ninayoyatumia mpaka leo na dada zangu.

Lakini kubwa zaidi ni hili. Mwanzo wa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, lafudhi ya mtu ilikuwa inaweza kumponza. Kwenye ploti yetu vijana wa kila kabila waliamua bila kikao kwamba wakiwa nje ni Sheng tu. Mtu akikuuliza jambo kwa Kikuyu au kwa Kijaluo unamjibu "ziko poa, msee" na unaendelea kutembea. Watu wanaiita lugha ya wahuni. Kwetu ilikuwa ndiyo lugha pekee ambayo haikuuliza "kwenu ni wapi?"

Kwa hivyo mimi naamini linaloishi ni neno lisilobeba kabila mdomoni. Msee, mathe (mama), keja (nyumba), soo. Yeyote anaweza kulitamka bila kujulikana.

#14 Mdau_wa_Isimu
Dada Nyar, asante sana kwa hilo. Swali dogo tu: mengi ya hayo maneno yana asili ya kabila. "Ushago" wengi tunaihusisha na gĩchagi ya Kikuyu, kijiji. Na mwaka 2002 nchi nzima iliimba "unbwogable", Kijaluo katikati, Kiingereza kichwani na mkiani.

#15 Nyar_Eastlando
Sawa, lakini likishaingia Sheng linavua hayo mavazi. Mluhya akisema anaenda ushago hakuna anayemwona amesema Kikuyu.

#16 BintiIlala
Hapa ndipo naona tofauti yetu. Sisi Tanzania Kiswahili kilishatuondolea swali la kabila mapema, shule nyingi za msingi zinafundisha kwa Kiswahili. Lugha ya mitaani kwetu haina kabila la kuficha. Inapanga rika.

Angalieni salamu. Mkubwa unampa shikamoo, mwenzako unampa mambo, naye anajibu poa. Ukimwambia mama mkwe "mambo" umejitafutia kesi. Siku kijana wa dukani aliponiambia "shikamoo dada", nilisimama pale na chenji mkononi, nikaelewa kwamba nimehamishwa upande. Wiki hiyo hiyo mwingine akanipa "mambo" na nikafurahi kuliko inavyostahili. Kwa hiyo "poa" haiwezi kufa kwa sababu shikamoo haijafa. Madhali kuna salamu ya mkubwa, lazima iwepo ya wenzako.

#17 Mvita_Damu
Yakhe, mbona mnazunguka mbali? Poa ni Kiswahili cha siku zote. Chai inapoa, homa inapoa, moyo unapoa. Vijana wamekopa tu wakageuza matumizi. Hata "mshikaji" ni mtu mnayeshikana. Yenye mzizi wa Kiswahili yanadumu kwa kuwa ardhi ni yake. Ya kuokota yanakauka.

#18 Jeri_Original
Mtu wa pwani ameingia kutupimia Kiswahili kwa mizani yake. Karibu mzee. Soo je? Thao? Hayo mizizi yake iko Mvita?

#19 Mvita_Damu
Hayo ni ya sokoni, na sokoni kila lugha huuza. Jibu swali langu kwanza: taja neno la kukopa la wakati wenu, lisilo la pesa wala la gari, ambalo mwanao analisema.

#20 Jeri_Original
Fathe. Mathe. Keja, ambayo nakumbuka tukisema imetoka kwa "cage" ya Kiingereza, yaani kizimba. Naendelea?

#21 KondaMstaafu
Nirudi kwa manyanga ya #1, maana imenikaa. Siku hizi gari kali, lenye michoro, taa na muziki mzito, linaitwa nganya. Ondoa "ma" kwenye manyanga, unabaki na nya-nga. Geuza: nga-nya. Ni ule mchezo wetu wa kugeuza silabi, kama stori ilivyokuwa risto. Kwa hivyo mimi nasema manyanga haikufa. Iligeuzwa.

#22 GenZ_Umo
Aki mzee hii umenishika. Nimekulia kwa nganya za Umoja na sijawahi kuona hivyo.

#23 Mdau_wa_Isimu
Inavutia na umbo linakubali. Ila manyanga ilitumika pia kwa msichana mrembo na ujana kwa jumla, na nganya haikuichukua maana hiyo. Kama ni kugeuza tu, kwa nini maana nyingine iliachwa njiani?

#24 KondaMstaafu
Kwa sababu waliogeuza walikuwa watu wa magari. Wasichana walishapata majina mengine, tena mengi. Manzi, msupa, mresh, shore, hesabu mwenyewe.

#25 Mresh_Sio_Jina
Na hapo ndipo nawauliza wanaume wote humu. Mbona msichana ana majina hayo yote na kijana ni msee tu tangu enzi? Uzi mzima mnajadili neno lipi linaishi, na yanayobadilika haraka kuliko yote ni ya kututaja sisi. Mimi naona neno linachakaa likitumika vibaya. Kila jina la msichana linaanza kama sifa, likishatupiwa watu dirishani mwa gari mara elfu linakuwa tusi, halafu mnatafuta jipya. Hamkuficha kitu kwa wazazi, mlikuwa mnakimbia neno mlilolichafua wenyewe.

#26 Nyar_Eastlando
👏 Nimekuwa nikingoja mtu aseme hili.

#27 Mpenda_Misimu
Hilo sikulifikiria kabisa, na lina nguvu. Mdangaji je, msichana anayewafuata wanaume kwa pesa? Mwanzo nalisikia lilikuwa na utani ndani yake, sasa ni tusi kamili.

#28 Kijiwe_Sinza
Mdau #8 anasema redio inaokoa neno. Mimi naona vyombo vya habari na wanasiasa ndio wanaoua. Mfano ni "kuupiga mwingi". Lilikuwa la mpira, mchezaji akitawala uwanja unasema jamaa anaupiga mwingi. Likapandishwa kwenye siasa, mama (Rais Samia) anaupiga mwingi, likaandikwa kwenye mabango na fulana. Sasa kijiweni kwetu mtu akilisema kwa mchezaji, wenzake wanamtazama kama katumwa. Na kwa Kenya 2022 si William Ruto aligombea na "hasla" (mtu anayehangaikia riziki), hadi ukaja Mfuko wa Hasla? Bado vijana wanajiita hivyo?

#29 GenZ_Umo
Wachache. Sisi tulijibu na la kwetu. 2024 wakati wa Mswada wa Fedha, watu walikuwa wanaeleza vifungu vya kodi kwa Sheng na kwa lugha za mama kwenye simu, mtu wa Umoja na wa ushago wote wanaelewa. Rais tayari tulikuwa tunamwita Zakayo, mtoza ushuru wa Biblia. Hilo hakuna aliyelinunua.

#30 Kijiwe_Sinza
Umeona sasa? Wakubwa wakilifanya lao linakufa, la chini linalowachoma wakubwa linaishi. Kwetu "chawa" ni hivyo hivyo. Mtu anayemganda mkubwa kwa masifu ili ale. Limetoka chini na limefika mpaka juu, halitoki karibuni.

#31 BintiIlala
Nje ya mada kidogo: Wakenya, mkisema "luku safi" mnamaanisha nini? Mwenzangu wa Nairobi alinisifia "luku yako iko sawa" nikamjibu uniti zimebaki chache.

#32 Jeri_Original
😂😂 Luku ni mavazi, jinsi umetokea. Uniti gani tena?

#33 BintiIlala
LUKU ni mita ya umeme ya TANESCO, Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Unanunua, unaingiza namba, taa zinawaka.

#34 GenZ_Umo
Basi luku kali ni ile yenye uniti nyingi. Naondoka nayo.

#35 Mama_Wawili
Vijana na watu wazima, salaam. Mimi ni mama wa wawili, wa kumi na nne na wa kumi na saba. Dai la #1 kwangu halisimami. Maneno yao nayajua karibu yote na hawayaachi. Wanachofanya ni kubadilisha sauti. Mkubwa wangu akisema "sawa mathe" kuna sawa ya kukubali, kuna sawa ya kuninyamazisha, na kuna ya tatu ambayo akiisema wadogo wa jirani wote wanaangua kicheko na mimi naachwa nje. Neno ni lile lile. Na siku hizi mtoto wa Nairobi anasema "unyama" (kitu kikali) na "mwamba" (jamaa shupavu) za Bongo kwa sababu ya video za simu, bila kuvuka hata mpaka wa Namanga. Ile mipaka ya mtaa anayoisema Jeri_Original sioni kwa wanangu.

#36 Jeri_Original
Mama, heshima. Mipaka ipo, imehamia kwenye simu. Uliza mkubwa wako kama anaongea na kila kundi sawa.

#37 Busia_Mpakani
Mmetaja daladala na matatu mkaacha bodaboda, na sisi wa mpakani ndio wenye neno. Baiskeli zilikuwa zinavusha watu kile kipande kati ya Kenya na Uganda, waendeshaji wakiita "boda! boda!" Leo liko kwenye sheria, kwenye mahubiri, na nyanya yangu analisema bila kujua lilikuwa la vijana. Kwa hivyo Mpenda_Misimu, wakubwa walilijua na halikufa. Liliacha kuwa letu tu.

#38 Mpenda_Misimu
Sasa hapo, kwa kijana aliyelianzisha, kuna tofauti gani?

#39 Busia_Mpakani
Tofauti ni kwamba analipwa kwalo kila siku.

#40 Kijiwe_Sinza
Basi na "machinga" ni hivyo hivyo. Lilitoka kwenye Kiingereza, vijana wachuuzi wanaotembeatembea wakipiga hatua kama askari, marching guys. Sasa kuna hadi Machinga Complex pale Ilala.

#41 Lindi_Kwetu
Hapana, ndugu yangu. Hiyo ya marching guys ni hadithi ya mjini na inaniuma kila nikiisoma. Wamachinga tupo, ni kabila, kwetu ni Lindi, na tuna lugha yetu. Vijana wetu ndio walioonekana wengi Dar wakiuza mkononi, nguo begani, sahani kichwani, ndipo kila muuzaji wa namna hiyo akaitwa Mmachinga, awe Msukuma, Mgogo au Mchaga.

#42 Kijiwe_Sinza
Nimeisikia kwa watu wengi, mzee wangu, hata waliosoma.

#43 Lindi_Kwetu
Wengi kulisema hakulifanyi liwe hivyo. Kwenu nyote hili ni neno la mtaani lililofanikiwa. Mwanangu alipoanza shule Dar akasema kabila lake ni Mmachinga, darasa zima lilimuuliza anauza nini.